Yule wa Shungi Juu ya Nguzo

Msafiri anayetoka Mwanza mjini alfajiri kwa barabara ya Shinyanga, akishaipita Buhongwa, huanza kuona mashamba. Majaruba ya mpunga yako bondeni, matuta ya viazi yanapanda kuelekea kwenye majabali, na mikaratusi imesimama hapa na pale. Kutoka hapo hadi Usagara nguzo za umeme zinafuatana na njia. Juu ya mojawapo mara nyingi hutua ndege mweusi mwenye shungi refu kisogoni, manyoya membamba yanayopeperushwa na upepo wa ziwani. Malori yanapita, bodaboda zinapita, naye hatikisiki. Ameinamisha kichwa, anatazama nyasi za ukingo wa shamba.

Hukaa hivyo dakika kumi, ishirini, hata zaidi. Kisha hugeuza shingo kidogo, hujivuta mbele, na kushuka kwa mabawa yaliyokunjuka nusu, pasipo kelele. Miguu hutangulia. Nyasi hutikisika mara moja, halafu kimya. Anaponyanyuka amebana panya kwenye kucha, na akirudi nguzoni humeza kichwa kwanza. Kwa muda mfupi mkia wa panya huning'inia nje ya mdomo wake, kisha nao hutoweka.

Huyo ndiye tai wa shungi. Wakazi wengi wa Mwanza wamemwona, pengine kila wiki, lakini ni wachache wanaomtambua. Wengi humwita mwewe, wengine kipanga, na majina hayo humponza. Mwewe na kipanga kwa mwenye kuku ni maadui, na mtoto mwenye manati akisikia "kipanga" haulizi mara mbili.

Kumtambua si kazi ngumu, kwa kuwa anga ya Mwanza ina ndege wakubwa wanaotofautiana waziwazi. Mwewe ndiye anayezunguka juu ya soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, akivizia mabaki ya sangara na dagaa walioanikwa. Ni wa kahawia, mkia wake umechanika katikati kama panda, na muda mwingi yuko angani. Furukombe, ambaye wengine humwita tai mla samaki, ana kichwa, kifua na mkia mweupe na tumbo la rangi ya udongo mwekundu. Makazi yake ni kando ya maji, kuanzia kisiwa cha Saanane kilicho jirani kabisa na mji hadi misitu ya kisiwa cha Rubondo, na mlio wake hubebwa mbali juu ya ziwa. Tai wa shungi ni mweusi au kahawia iliyoiva sana mwili mzima, macho yake ni ya manjano, na kisogoni ana lile shungi lisilofanana na la ndege mwingine yeyote wa mkoa huu. Akiruka, madoa makubwa meupe hujitokeza karibu na ncha za mabawa, mithili ya madirisha mawili, na mkia wake una mistari ya kijivu.

Kwa tai, yeye si mkubwa. Urefu wake ni kati ya sentimita 52 na 58, na mabawa yakitandazwa hufika kama mita 1.2. Dume huwa na uzito wa takriban kilo moja na ushee. Jike ni mzito zaidi na huweza kufika kilo moja na nusu, kama ilivyo desturi ya ndege wawindaji ambao majike huwazidi madume. Miguu ina manyoya hadi kwenye vidole. Kwa dume manyoya hayo ni meupe, kwa jike huelekea kahawia, hivyo mwangalizi makini mwenye darubini anaweza kuwatenganisha wawili hao wakiwa wamekaa. Kinda aliyeanza kuruka ana shungi fupi na macho ya kijivu, na huchukua muda kabla ya kupata sura kamili ya wazazi wake.

Wataalamu humwita Lophaetus occipitalis, na jina hilo limesimama juu ya shungi lake: neno la kwanza ni Kigiriki, lenye maana ya tai wa shungi, na la pili ni Kilatini, linalohusu kisogo. Mfaransa François Levaillant, aliyesafiri kusini mwa Afrika katika miaka ya 1780, alimweleza kwenye kitabu chake cha ndege wa Afrika, na Mfaransa mwenzake, François Daudin, akampa jina la kisayansi mwaka 1800. Katika kundi la Lophaetus yuko peke yake. Anapatikana Afrika kusini mwa Sahara tu, kuanzia Senegali hadi Ethiopia, na kuteremka hadi Afrika Kusini. Nchi zinazolizunguka Ziwa Victoria, zenye mvua, mabonde ya mafunjo na mashamba yaliyochanganyika na miti, zimemkaa vizuri kabisa.

Sababu ya kumkaa vizuri ni chakula. Uchunguzi uliofanywa kusini mwa Afrika ulionyesha kwamba panya na jamaa zake huweza kufikia asilimia 98 ya mawindo yake. Kinachobaki ni mijusi, nyoka wadogo, ndege wadogo, wadudu, mara chache samaki, na kwa namna ya kushangaza kwa ndege wa jamii ya tai, matunda: ameonekana akila tini za porini na forosadi. Ukweli huu haukupatikana kwa kubahatisha. Kama ndege wengine wawindaji, tai wa shungi hatoi mabaki yote kwa njia ya kawaida. Manyoya na vipande vya mifupa ambavyo tumbo limeshindwa kuvisaga hufungamana na kuwa donge, naye hulitapika. Anayetaka kujua ndege huyu amekula nini hana haja ya kumwinda. Huokota madonge chini ya mti au nguzo anayopenda kutua, huyafumua taratibu kwa kijiti, na ndani yake hukuta meno ya njano ya panya, taya, na manyoya ya kijivu yaliyoshikamana kama pamba iliyolowa.

Panya ni habari nzito kwa mkulima wa Tanzania. Watafiti wamewahi kukadiria kwamba huharibu takriban asilimia 15 ya mahindi nchini kwa mwaka, na katika misimu ya mlipuko shamba lililopandwa leo hufukuliwa usiku na kubaki mashimo matupu. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kimetumia miongo kadhaa kuchunguza mienendo yao. Mharibifu mkuu ni panya shamba. Jike lake hubeba mimba siku 23 hivi, huzaa watoto kumi au zaidi kwa mkupuo, na ana jozi 8 hadi 12 za chuchu za kuwanyonyesha. Mvua ikinyesha vizuri na majani yakasitawi, idadi yao hupanda kwa kasi ambayo mtego wa nyumbani hauwezi kuifuata.

Hapa inafaa kusema ukweli wote. Panya shamba hutembea zaidi usiku, na tai wa shungi ni mwindaji wa mchana, hodari hasa asubuhi na jioni. Anaowakamata kwa wingi ni wale wanaotoka jua likiwa juu: panya wa nyasi anayetengeneza vichochoro chini ya majani na kuvitumia kila siku, panya wadogo wenye milia mgongoni, na panya wanene wa mabonde yenye unyevu, wanaokata majani laini kando ya vijito. Hao nao hula mpunga, viazi, mihogo na miche ya mboga. Panya wa usiku wana mwindaji wao, bundi, ambaye bahati mbaya huogopwa katika nyumba nyingi akilia juu ya paa. Kwa hiyo shamba lenye tai mchana na bundi usiku lina zamu mbili za ulinzi. Huko Malaysia, wenye mashamba ya michikichi wamewajengea bundi masanduku ya kuzalia kwa miaka mingi, kwa hesabu hiyohiyo ya panya.

Namna ya kuwinda inaeleza pia kwa nini anaipenda nguzo. Wapo tai wanaopaa juu na kutafuta windo kwa kuzunguka, kazi inayohitaji nguvu nyingi. Tai wa shungi hukaa na kungoja. Anachohitaji ni mahali pa juu penye kuona mbali na, chini yake, nyasi fupi au ukingo wa shamba ambapo panya lazima avuke. Jicho la ndege mwindaji lina sehemu mbili za kuona kwa ukali, ilhali la binadamu lina moja. Moja humwezesha kutazama mbele na nyingine pembeni, na ndiyo maana huinamisha na kugeuza kichwa kabla ya kushuka, akilipima windo. Zamani alikaa kwenye matawi makavu ya pembezoni mwa msitu. Umeme ulipoingia vijijini, nguzo zikawa matawi makavu mapya, yaliyopangwa kwa mstari kandokando ya mashamba.

Hata hivyo nguzo haitoshi. Kiota hutaka mti. Tai hawa hujenga kwa vijiti kwenye mti mrefu wenye majani ya kutosha, karibu na shina, na mara kwa mara hurithi kiota cha ndege mwingine mwindaji wakakitengeneza upya kwa majani mabichi. Kabla ya hapo dume hufanya maonyesho angani: hupanda, hujitupa chini, huyumba huku na huku, na kupiga mlio mwembamba mrefu unaorudiwarudiwa, unaosikika kutoka upande wa pili wa bonde. Jike hutaga yai moja au mawili, meupe yaliyofifia yenye madoa ya kahawia na kijivu. Huyaatamia siku 42 hivi, dume akimletea chakula. Makinda hukaa kiotani karibu miezi miwili, na wakishatoka huendelea kuwategemea wazazi miezi miwili au mitatu mingine, wakilialia kwenye matawi ya jirani kila mzazi anapopita. Panya wakiwa wengi, uzazi hufanikiwa. Wakipungua, ndege hawa huacha kuzaa, na katika maeneo makavu huhama kabisa kufuata mvua.

Ni ndege wa ukingoni mwa msitu, basi, na siyo wa ndani yake. Wa ndani ni jamaa yake mkubwa mwenye shungi pia, tai taji, ambaye jike lake huweza kufika kilo nne na zaidi. Katika msitu wa Kibale, magharibi mwa Uganda, watafiti waliokusanya mifupa chini ya viota vyake walikuta sehemu kubwa ni ya jamii ya kima. Tai taji ameingia hata katika historia ya binadamu. Fuvu la mtoto wa kale lililopatikana Taung, Afrika Kusini, mwaka 1924, na kuelezwa na Raymond Dart mwaka 1925, lilihesabiwa kwa muda mrefu kuwa la mtoto aliyeuawa na chui au mnyama mwingine wa miguu minne. Mwaka 1995 Lee Berger na Ron Clarke walipendekeza kwamba muuaji alikuwa ndege mkubwa, na mwaka 2006 Berger alionyesha alama ndani ya matundu ya macho zinazofanana na zile ambazo tai taji huziacha kwenye mafuvu ya kima. Mtoto yule aliishi zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita.

Tai taji ameanza kuingia mjini. Huko Durban, Afrika Kusini, jozi kadhaa huzalia kwenye mikaratusi mirefu ya mabonde yaliyozungukwa na nyumba za watu. Barani Asia, kozi mwenye shungi, ambaye asili yake ni msitu mnene, sasa huzaa katika bustani za katikati ya Taipei na Singapore, na wakazi wa Taipei wamewahi kuwatazama makinda wake kwa kamera iliyowekwa kiotani. Ndege hawa hawakuacha msitu kwa kupenda zege. Walikubali mji kwa sababu mji uliwaachia miti mikubwa, mawindo, na watu wasiowapiga.

Mwanza ingali na vitu hivyo vitatu, ila si kwa kiwango cha zamani. Mji umepanda milima na kushuka mabondeni, kutoka Nyamagana na Ilemela kuelekea Misungwi na Kisesa. Mti mrefu uliokuwa mpaka wa shamba hukatwa kuwa kuni, mkaa au mbao za kupaua. Mkuyu wa kijitoni hufuata. Nguzo hubaki, panya hubaki, lakini pa kujenga kiota hapapo tena, na hiyo ndiyo hatari ya kwanza.

Hatari ya pili haionekani kwa macho. Sumu nyingi za panya zinazouzwa madukani hufanya kazi kwa kuzuia damu kuganda. Panya aliyekula hafi papo hapo. Huishi siku kadhaa akizidi kulegea, akitoka mchana kweupe bila hadhari na kutembea polepole mahali pa wazi. Kwa tai aliye juu ya nguzo, hilo ndilo windo rahisi kuliko yote. Humkamata, hummeza mzima, na sumu huhamia kwake. Akila panya wa namna hiyo mara kwa mara hudhoofika, na jeraha dogo tu huweza kumtoa damu hadi afe. Mkulima aliyetega sumu ili aondoe panya huwa amemwondoa na aliyekuwa akiwapunguza bure.

Hatari ya tatu ni ile nguzo yenyewe, kwani mabawa ya mita 1.2 yakigusa nyaya mbili kwa pamoja ndege hufa hapohapo. Ya nne ni manati na mawe.

Orodha ya IUCN ya viumbe walio hatarini kwa muda mrefu imemweka tai wa shungi katika kundi lisilo na wasiwasi mkubwa. Lakini mwaka 2024 jarida la Nature Ecology & Evolution lilichapisha matokeo ya hesabu za ndege wawindaji waliohesabiwa kando ya barabara katika sehemu mbalimbali za Afrika, Kenya ikiwemo, kwa kipindi cha kati ya miaka 20 na 40. Kati ya spishi 42 zilizochunguzwa, asilimia 88 zilikuwa zimepungua, hasa nje ya hifadhi. Nje ya hifadhi ndiko Usagara, Misungwi na Sengerema ziliko. Ndiko tai wa shungi anakoishi.

Sheria iko upande wake. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuua au kukamata mnyamapori bila kibali, na biashara ya kimataifa ya ndege wawindaji kama yeye inasimamiwa na mkataba wa CITES. Ila ofisa hawezi kusimama chini ya kila nguzo, na mambo mengi yanayomsaidia ndege huyu yako mikononi mwa mwenye shamba. Kubakiza mti mmoja au miwili mirefu mpakani. Kutumia mitego badala ya sumu inapowezekana, na pale sumu inapotumika, kuokota mizoga ya panya kila asubuhi na kuifukia. Kufyeka majani ya kingo za jaruba ili panya akose maficho. Kusimamisha mti wenye kipande cha kukalia juu, kama herufi T, katikati ya shamba lililo mbali na miti. Nchi kadhaa zimetumia vituo vya namna hiyo kuwaita ndege wawindaji, na gharama yake ni boriti moja na misumari miwili. Na mtoto akiinua manati, mzee aliye jirani anaweza kumwambia kwa upole, "Mjukuu wangu, tazama kichwa chake kwanza. Mwenye shungi anakula panya wetu."

Vifaranga wanahitaji ulinzi pia, na hakuna haja ya kulibeza hilo. Mwewe huwachukua kweli, na baadhi ya vipanga huwachukua. Tenga la kufunikia vifaranga wiki za mwanzo, au kichaka cha kujificha karibu na banda, huwazuia ndege wote bila kumwua hata mmoja.

Jioni, jua linaposhuka nyuma ya ghuba na majabali yakibadilika rangi, malori ya Shinyanga huwasha taa. Wanawake wanaotoka majarubani wanapita chini ya nguzo na majembe mabegani. Tai wa shungi bado yuko juu, kichwa kimeinama, akiutumia mwanga uliobaki. Hushuka mara moja tena kwenye nyasi za ukingo na kuinuka mikono mitupu. Hutulia, hutikisa manyoya, kisha huruka chinichini juu ya mpunga, madirisha yake meupe yakimetameta, hadi kwenye mkaratusi mmoja uliobaki mwisho wa shamba, ambako atalala.